Kesi ya Wana Wanne wa Oksijeni

Wana wanne wa Oksijeni walifikishwa mbele ya wazee mwezi wa Januari, jua likiwa kali na mbingu ya Embu haina wingu hata la kusingizia. Baraza liliketi ukingoni mwa mto Thuci, pale unapoitenga nchi ya Waembu na nchi ya Wameru, kwa sababu majeruhi walikuwa wa pande zote mbili na hakuna upande uliokubali kwenda kulia uani kwa mwenzake. Mgumo alikaa katikati, kwa kuwa tangu kale ndiye mti ambao Mmeru na Mwembu wote huona haya kuuinulia shoka. Kulia kwake aliketi Muuru, mti wa mbao ngumu ambao wataalamu huuita Vitex keniensis na ambao kwao hasa ni miteremko hii ya Mlima Kenya. Kushoto aliketi Muringa, mlezi wa mikahawa, mwenye kivuli kipana na maneno machache.

Mshtaki alikuwa Mbuzi.

Kidhibiti chake kilikuwa jani la mche wa chai lililotoka kitalu kimoja juu ya Runyenjes. Kingo zake zilikuwa zimekauka na kugeuka kahawia, na katikati palikuwa na baka lililopauka hadi mishipa ya jani ikaonekana. Mbuzi alilipitisha mbele ya kila mzee, polepole, akitikisa ndevu kwa huzuni. Baada ya wazee kuliona, hakuna aliyejua jani lile lilikokwenda.

"Wazee wangu," alisema, "jua limekuwapo tangu enzi za babu zetu. Ndilo linalotulisha. Siwezi kusimama hapa nikalishtaki jua. Waliofanya unyama huu ni vijana hawa wanne. Kila jani linapoungua, wao wamo. Kila tone la utomvu linapochacha, wao wamo. Mimi sikusoma sana, lakini nikikuta kijana yuleyule kwenye kila nyumba iliyoungua, sihitaji shahidi."

Miche ilipiga makofi.

Nitawaeleza ndugu hawa walivyo, maana Mbuzi aliwaeleza kwa namna iliyomfaa yeye. Baba yao, Oksijeni, ni mzee mtulivu anayeingia na kutoka katika kila jani bila kugombana na mtu. Lakini ndani ya jani kuna viwanda vidogo, kloroplasti, vinavyopokea nguvu za jua na kuzigeuza kuwa chakula. Nguvu zikiwa nyingi kuliko kazi iliyopo, elektroni hukosa pa kwenda, zikamrukia mzee. Hapo ndipo anapozaliwa mwana wa kwanza, Superoksidi, mwenye elektroni moja ya ziada na hasira ya kutosha kwa siku nzima. Huyu hapiti kuta kwa urahisi. Aghalabu humalizana na mambo chumba kilekile alichozaliwa.

Wa pili ni Singleti. Yeye hakuongezewa elektroni. Huzaliwa pale klorofili iliyoshika mwanga kwa muda mrefu mno inapoutua mzigo wake juu ya Oksijeni aliye karibu. Singleti huchoma mafuta ya utando unaomzunguka, na walinzi wake wa siku zote ni karotenoidi, jamaa wa rangi ya manjano walewale wanaoipa karoti sura yake.

Wa tatu ni Peroksidi. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kiitwacho superoksidi dismutasi, ambacho McCord na Fridovich walikitambua huko Marekani mwaka 1969. Kazi yake ni kumkamata Superoksidi na kumgeuza kuwa ndugu huyu mpole zaidi. Peroksidi hupita kwenye milango ya maji iliyomo katika kuta za seli, na huishi muda wa kutosha kutoka chumba kimoja akafika kingine akiwa bado na akili zake. Katika ukoo mzima, yeye ndiye anayeweza kutumwa.

Wa nne, Hidroksili, ni kichaa, na sisemi hivyo kwa kumtusi. Huzaliwa pale Peroksidi anapokutana na Chuma aliyeachwa akizurura bila ulinzi, au pale mionzi mikali inapoyapasua maji yenyewe. Maisha yake hayafiki sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kinachomgusa kwanza ndicho anachokipiga: mafuta, protini au uzi wa DNA. Vimeng'enya vya kumtuliza Superoksidi vipo, na vya kumtuliza Peroksidi ni vingi. Cha kumtuliza Hidroksili hakipo, kwa sababu hakuna mlinzi awezaye kumfikia kabla hajamaliza shari yake.

Mbuzi aliwatia wote wanne kapu moja na kuomba mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wao azimwe papo hapo anapozaliwa, bila kuulizwa alikuwa anakwenda wapi. Pili, kangaga lililoezekwa juu ya kitalu lisipunguzwe kamwe. Tatu, awekwe mlinzi mwaminifu wa kuhakikisha hayo mawili. "Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeliona tatizo," alimalizia, "sitakataa nikiombwa."

Ombi la pili linahitaji maelezo kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia kitalu cha chai. Kipandikizi cha chai ni jani moja na kipande kifupi cha kijiti. Hupandwa ndani ya kifuko cha nailoni kilichojazwa udongo, na vifuko hupangwa vimebanana, vikafunikwa kwa karatasi ya plastiki iliyotandazwa juu ya fito zilizopindwa ili unyevu usitoke. Juu kabisa hujengwa paa la kangaga la kuzuia jua. Mizizi ikishashika, mama wa kitalu hufunua plastiki kidogo kidogo, siku hadi siku, kisha huanza kuchomoa matawi ya kangaga, mawili huku, matatu kule, mpaka siku moja mche unasimama wazi chini ya jua lote. Wakulima husema wanaikomaza miche. Ni kazi ya majuma mengi, na mtu mwenye haraka huiharibu kwa siku moja.

Mgumo aliuliza kama kuna anayewatetea washtakiwa. Peroksidi alisimama. "Babu," alisema, "mimi hubeba habari tu. Jua likizidi upande mmoja wa jani, mimi ndiye ninayekwenda kuwaambia wa upande wa pili wajiandae."

"Habari gani hiyo inayofika ikinuka moshi?" aliuliza Mbuzi, na ukingo wote wa mto ukacheka.

Wazee walihukumu kabla ya jua kutua. Maombi yote matatu yalikubaliwa. Kamba ya Mbuzi, ambayo hadi siku hiyo iliishia kwenye uzio, iliongezwa urefu ili afike kila pembe ya kitalu. Kila mtu huku kwetu anajua kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na hakuna mzee hata mmoja aliyelitaja hilo.

Februari ilikuwa ya raha. Chini ya kangaga miche ilirefuka. Majani yake yalikuwa mapana, yasiyo na unene, ya kijani kilichofifia, na laini hata Mbuzi alipolipitishia ulimi jani la kwanza usiku alifumba macho. Hakuonja ule ukakasi anaouchukia. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya kesi yake yote. Jani linalopigwa na miale ya urujuanimno hujitengenezea flavonoidi na jamaa zake katika ngozi ya juu. Vitu hivyo huuzuia urujuanimno na kuuachia mwanga wa kupikia chakula upite. Vitu hivyohivyo, pamoja na tanini, ndivyo vinavyolifanya jani likaukie mdomoni na kumchosha mtafunaji. Ngao ya jua na ukakasi hutoka ghala moja. Na ghala hilo halifunguliwi bure; hufunguliwa habari ikifika. Aliyeomba wabeba habari wazimwe alikuwa anaomba chakula cha jioni.

Machi mvua za masika zilianza, na mkulima akaja na mkokoteni. Miche ilihamishiwa shambani siku yenye wingu zito, ikapandwa kwenye mashimo yaliyokuwa tayari, na kwa siku mbili ilidhani kwamba shamba nalo lina paa. Siku ya tatu wingu lilifunguka. Mstari wa ikweta unapita katika nchi ya Meru, na mwishoni mwa Machi jua la saa sita hapa husimama utosini hata mtu akose kivuli chake mwenyewe. Tena mashamba ya chai yako juu, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa ya kumkinga inavyopungua: kwa kila mita 1000, urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 au zaidi.

Wana wa Oksijeni waliokuwa wakizimwa mmoja mmoja walizaliwa wote kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, katika kila jani. Wazimaji walikuwa wachache, kwa sababu jani lisilosikia habari ya jua haliajiri wazimaji wengi. Walifanya kazi hadi wakaishiwa nguvu. Kisha Peroksidi alifurika, akamkuta Chuma njiani, na Hidroksili akazaliwa mahali ambapo hakutakiwa kuzaliwa.

Kilichoniuma zaidi katika maafa haya ni kwamba kila jani liliungua peke yake. Haikupaswa kuwa hivyo. Mmea wenye wajumbe wake ukipigwa mahali pamoja, seli za pale huzalisha Superoksidi kwa makusudi, kwa kutumia kimeng'enya maalumu kilichowekwa ukutani. Peroksidi hutokana na hao, huigusa seli ya jirani, nayo ikazalisha wake, na habari ikaenda namna hiyo seli hadi seli. Mwaka 2009 watafiti waliipima kasi hiyo kwenye mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, wakapata zaidi ya sentimita 8 kwa dakika. Mche wenye urefu wa sentimita 20, habari ikienda kwa kasi hiyo, ungekuwa umejulishwa wote, kuanzia jani la chini hadi kichipukizi, kwa muda usiofika dakika tatu. Dakika tatu hazitoshi kujenga ngao, lakini zinatosha kuanza kugeuza kloroplasti upande, kuifungua na kuifunga milango ya jani, na kuamsha ghala. Miche ya Mbuzi ilikuwa na macho ya kuona mwanga na haikuwa na mtu wa kuambizana.

Jioni Mbuzi alipita shambani kula mabaki. "Niliwaambia," alisema huku akitafuna. "Niliwaambia vijana hawa ni hatari."

Na wengi walimwamini. Baraza la pili lisingeitishwa kama si mche mmoja uliokuwa umepandwa mwishoni mwa mstari. Mche huo ulikuwa umekaa pembeni kabisa mwa kitalu, mahali ambapo upepo wa Januari uliondoa matawi ya kangaga na mlinzi mpya hakujali kuyarudisha, kwa kuwa kamba yake ilifika pale kwa taabu. Februari nzima wenzake walimwonea huruma. Alikuwa mfupi, majani yake madogo na mazito, ncha zake zikiwa na wekundu. Machi ilipomaliza kazi yake, huyo ndiye aliyesimama.

Mgumo alimwita mbele. "Mwanangu, wewe ulikingwa na nani?"

"Babu, na hao mlioamuru wazimwe."

Pakawa na zogo. Mgumo alinyamazisha watu, akamwambia mche aseme taratibu, naye akasema.

"Siku ya kwanza niliumia. Jua liliingia kupitia tundu la paa kwa muda mfupi tu, asubuhi, na Superoksidi akazaliwa katika jani langu la juu. Kule kwangu amri ya kuzima haikufika. Peroksidi alitoka akaenda mpaka kwenye kiini cha seli, mahali palipohifadhiwa maandiko ya ukoo. Sijui alimwambia nini mtunzaji, lakini kurasa zilizokuwa zimefungwa zilifunguliwa. Usiku ule tuliajiri superoksidi dismutasi wengine. Tuliongeza Katalasi, ambaye humgawa Peroksidi akawa maji na oksijeni. Tuliweka akiba ya vitamini C. Tulianza kupaka ngozi yetu flavonoidi. Siku ya pili jua lilikuja kali zaidi, nami niliumia kidogo zaidi ya jana, si mara mbili yake. Siku ya kumi sikuumia."

"Kwa hiyo ni wao peke yao wanaolitambua jua?" aliuliza Muuru, mzee asiyependa ushahidi wa upande mmoja.

"Hapana, babu. Langoni kuna mapacha. Husimama wameshikana mikono, na ule urujuanimno wa mawimbi mafupi, wa nanomita 280 hadi 315, ukiwagusa wanaachana na kila mmoja anakimbilia ndani kutoa taarifa."

Mapacha hao wataalamu wanawaita UVR8, na ni mwaka 2011 ndipo ilipoonyeshwa wazi kwamba huachana. Mche alisema kweli. Mwanga ukiwa wa kiasi, mapacha wanatosha. Ukizidi, ndipo wana wa Oksijeni wanapoongeza sauti yao. Naliweka neno hili hapa kwa sababu nimewasikia watu wakiwapenda wajumbe wapya hadi kuwasahau walinzi wa zamani, na hilo nalo si haki.

Shahidi wa pili hakuweza kuja mwenyewe. Lobelia wa mlimani haondoki mahali pake, ila alimtuma Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua yake. Chozi alishuka kutoka kwenye miinuko iliyo chini ya kilele cha Batian, ambacho kina mita 5,199, akatua kwenye tawi la Mgumo, akatoa ujumbe bila salamu ndefu.

"Lobelia anasema hivi. Ninyi mnalia kwa jua la mita 2000. Mita 4000 usiku maji huganda, nami nafunga majani yangu kukizunguka kichipukizi kisife. Kunapopambazuka jua hunipiga nikiwa bado baridi. Mwanga naupokea wote, lakini mikono yangu ya kazi imekufa ganzi, kwa hiyo nguvu zinamwagika na ndugu hao wanne wanazaliwa kwa wingi kuliko kokote mnakokujua. Hayo hunipata karibu kila siku ya maisha yangu. Kama ningewaua wajumbe wangu, mlima huu ungekuwa na mawe tu."

Baada yake alisimama Chai ya Zambarau, aina ya TRFK 306, iliyotolewa na watafiti wa chai wa Kericho mwaka 2011. Maneno yake yalikuwa machache. Alisema rangi yake ni anthosiani, kwamba yeye hakuivaa kwa sababu ya jua la siku moja bali aliirithi, na kwamba rangi hiyo huchuja mwanga na pia huwatuliza wana wa Oksijeni wakizidi. Aliongeza kwamba Mbuzi hamsalimii. Wazee waliandika.

Kisha akaja Ngano, na yeye ndiye aliyenifanya nisimulie kesi hii. Jina lake kamili ni Njoro-BW1. Alikuwa Timau akiwatembelea jamaa zake wanaolimwa upande ule wa mlima uliokauka. Alisimama mbele ya Mgumo na kusema, "Mimi nilizaliwa kwa mikono ya yule mnayemwita kichaa."

Hata Mbuzi aliacha kucheua.

"Mbegu za wazazi wangu zilipigwa miale ya gama. Si jua hilo. Gama hutoka katika kiini cha atomi na hupenya hadi ndani ya mbegu. Ikikuta maji inayapasua, na Hidroksili anazaliwa palepale, pembeni mwa uzi wa DNA. Aliukata uzi huo kila mahali. Seli zilijaribu kuunga zilivyoweza, na mahali pengine ziliunga vibaya. Mbegu nyingi hazikuota. Nyingine ziliota zikadumaa. Nyingine zilifika kwenye masuke na hazikuzaa. Watafiti wa Njoro, wakisaidiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walipita mstari kwa mstari, kizazi baada ya kizazi, wakitafuta kosa moja lenye manufaa. Walinipata mimi, ninayeweza kuzaa pale mvua inapokuwa haba, na mwaka 2001 nikapewa wakulima. Mwaka 2014 wadogo zangu wawili walitolewa na Chuo Kikuu cha Eldoret kwa njia hiyohiyo, wanaohimili ile aina ya ugonjwa wa kutu iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990."

"Kwa hiyo kichaa naye ni mwema!" Mbuzi alidaka. "Wazee, mnasikia? Leo ni mwema, jana alichoma. Huu ni ushahidi gani?"

"Sikusema ni mwema," alijibu Ngano. "Hidroksili hakukusudia kunizaa. Alikata, basi. Wema ulikuwa wa waliokagua na kutupa, na gharama ililipwa na ndugu zangu ambao hamtawaona hapa. Nimekuja kusema jambo moja tu: msimweke Peroksidi kwenye hukumu ya Hidroksili. Mimi nimekutana nao wote wawili. Mbegu yangu inapotaka kuota, Peroksidi kidogo ndiye anayeniambia usingizi umetosha."

Mbuzi alikuwa amebakiza swali moja, na ni lazima niseme lilikuwa swali zuri. Alimgeukia Peroksidi. "Wewe kijana mpole. Je, Machi, miche ilipokufa, ulikuwapo au hukuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Uliua au hukuua?"

Peroksidi aliwatazama wazee. "Niliua, babu. Nikiwa mchache, na njia imeachwa wazi, nabeba habari na kumalizika nikishaifikisha. Nikiwa mwingi, na Chuma yupo mlangoni, mimi ndiye ninayegeuka kuwa ndugu yangu wa mwisho. Mimi ni yuleyule. Nisiwadanganye kwamba kuna Peroksidi wa habari na mwingine wa moto."

Mgumo alikaa kimya muda mrefu. Wakili yeyote angefurahia kukiri huko, na Mbuzi alifurahi kweli, akatazama huku na huku akisubiri makofi. Lakini Muuru aliinama akasema na Mgumo, na Muringa akaongeza lake, na hukumu ilipotoka haikumridhisha hata mmoja wa waliokuja kushangilia.

Hakuna aliyeachiliwa huru, na hakuna aliyeamriwa kuzimwa. Superoksidi ataendelea kuzaliwa, ila dismutasi wakae karibu naye katika kila chumba. Katalasi abaki katika vyumba vyake maalumu na asisimame kwenye kila njia, ili mjumbe apate pa kupita. Singleti ataendelea kulindwa na karotenoidi. Chuma, ambaye siku zote alijifanya hahusiki, afungiwe ndani ya feritini, ghala lake, na atolewe kwa kipimo cha kazi. Hidroksili hakuhukumiwa, kwa sababu alikuwa amekufa kabla jina lake halijaisha kutamkwa. Wazee waliagiza alindwe asizaliwe, basi. Na kangaga lipunguzwe kwa mkono wa mama wa kitalu, si kwa amri ya baraza, kwani yeye ndiye anayepita pale kila asubuhi na kuona ni mche upi umeanza kukaza jani.

Muringa aliomba nafasi. Alitaka kujua kama tangu leo kivuli chake ni kosa. Kabla Mgumo hajajibu, Mkahawa alisimama. Alisema ukoo wake ulitoka chini ya misitu ya Ethiopia na kwamba chini ya Muringa hajawahi kukaa gizani. Jua humfikia kwa mabaka yanayotembea juu ya majani mchana kutwa, baka likipita hapa dakika moja, likahamia pale, na wajumbe wake hawajawahi kukosa kazi. "Kivuli cha Muringa kina matundu," alisema. "Cha Mbuzi hakikuwa nayo." Muringa aliketi.

Kamba ya Mbuzi ilikatwa ikarudi kwenye uzio, naye akakata rufaa siku hiyohiyo. Aliomba isikilizwe mwezi wa Julai, wakati ukungu unatanda Embu hadi Meru juma zima na hakuna jani linalokumbuka ukali wa jua. Sheria za baraza humruhusu mkata rufaa kuchagua mwezi, kwa hiyo Mgumo alikubali. Vipandikizi vipya vimeshapandwa kitaluni, viko chini ya plastiki na havijawahi kuona jua. Mbuzi hupita kando ya uzio kila jioni kuvijulia hali, navyo vimeanza kumwamkia.